Kutoka na Watoto Nje ya Mji: Mwongozo kwa Familia za Malindi

Familia nyingi za Malindi mjini, kuanzia Shela na Barani hadi Maweni, Muyeye na Kisumu Ndogo, ziko karibu na bahari kiasi cha kusikia mawimbi usiku ukitulia, na hata hivyo watoto wao huiona siku ya Idi pekee, wakiwa wamevaa nguo mpya wasizoruhusiwa kuzilowesha. Siku nyingine zote ni shule, chuo cha Kurani na simu ya mama. Mwongozo huu umeandikwa kwa wazazi na walezi wanaotaka kuwatoa watoto nje mara kwa mara, kwa gharama ndogo, waone maji, misitu, ndege na wadudu wa nchi yao wenyewe. Kwa maoni yangu, matembezi mengi huharibika kwa sababu yamepangwa kwa saa ya ukutani peke yake, ilhali katika pwani hii kila kitu huamuliwa kwanza na maji, kisha upepo na jua. Familia ikijua kuvisoma vitu hivyo vitatu, mengine yote hupata nafasi yake.

Anza kwa kuuliza maji

Maji ya bahari hupwa mara mbili na kujaa mara mbili katika kila usiku na mchana, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ndiyo maana ufuo ulioukuta mpana, wenye vidimbwi na mawe yaliyo wazi, Jumapili hii saa nne asubuhi, utaukuta umemezwa na maji Jumapili ijayo saa hiyo hiyo. Wazazi wengi huona kwamba walikosa bahati, kumbe walikosa hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi kwa mtu anayefuata mwezi mwandamo. Siku za mwanzo wa mwezi, na tena kuanzia mwezi kumi na nne, yaani siku ya kumi na nne tangu mwezi kuandama, hadi kumi na saba hivi, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na katika pwani yetu kupwa kwake kwa mchana huangukia baina ya saa nne na saa sita. Hizo ndizo siku bora za kuwapeleka watoto kutazama viumbe vya majabalini, kwa kuwa bahari hurudi mbali na kufunua yale ambayo siku nyingine hayaonekani. Kinyume chake, karibu na mwezi saba au nane, na tena mwezi ishirini na mbili, maji huwa mafu: hayapandi sana wala hayatoki sana, na asubuhi huwa yamejaa. Siku kama hizo ni afadhali kwenda msituni, ukaiacha bahari hadi juma linalofuata.

Ukitaka uhakika zaidi, muulize mvuvi siku moja kabla. Pale wanapoegesha ngalawa, mchana wakirekebisha nyavu, swali hili hujibiwa kwa furaha. "Shikamoo mzee. Kesho nataka kuwaleta watoto. Maji yatatoka saa ngapi?" "Marahaba, mwanangu. Kesho ni mwezi kumi na tano. Saa nne na nusu yatakuwa yamekauka kabisa, lakini saa tano na nusu muwe mshageuka, msingoje kuambiwa na mawimbi." Jibu hilo lina kanuni nzima ndani yake: fika saa moja kabla ya maji kufikia mwisho wa kupwa, tembea ukiyafuata yanavyorudi, na mara yanapoanza kugeuka nawe geuka. Maji yanayojaa hayaji kwa mstari ulionyooka. Huingia kwanza kwenye mikondo na mabonde ya nyuma yako, na mtu aliyesimama juu ya jabali huweza kuzungukwa kabla hajatambua.

Kuhusu upepo, yatosha kukumbuka kwamba kusi, uvumao tangu Aprili hadi Septemba hivi, huichafua bahari na kuutupa mwani mwingi ufuoni, na kwamba mvua za masika huja katika miezi yake ya mwanzo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta anga safi lakini pia joto kali. Miezi ya maleleji baina ya pepo hizo, hasa Oktoba, bahari hutulia, na ikiwa familia ina nafasi ya matembezi machache tu katika mwaka, ningeyaweka huko.

Majabalini wakati wa bamvua

Matembezi ya kwanza yawe ya pwani, na yawe mafupi. Kusini mwa mji, katika ufuo wa Casuarina, ndipo lilipo lango la Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu, na ambayo ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Tukutuku ya mjini hufika hapo kwa muda mfupi. Ada ya kuingia hifadhini hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kupitia eCitizen, na raia hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho chako na ulipe ukiwa nyumbani penye mtandao mzuri. Ndani ya hifadhi unaweza kukodi mashua yenye kioo chini ili watoto waone samaki na matumbawe bila kulowa. Hakikisha kila mtoto amefungwa jaketi la kuokolea maisha linalomtosha kabla mashua haijaondoka, na kama hakuna la ukubwa wake, mwache asipande. Katika jambo hilo usikubali kubembelezwa na yeyote.

Hata hivyo mashua si lazima. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, kidimbwi kimoja kilichobaki baina ya mawe baada ya maji kutoka kinatosha kwa asubuhi nzima, mradi mtu mzima awe na subira ya kuchutama naye. Mwanzoni hakionekani kitu isipokuwa mchanga na majani. Baada ya dakika mbili au tatu za kutulia, kombe la konokono lililodhaniwa kuwa tupu huinuka kwa miguu ya kaa mdogo aliyehamia humo, husogea shubiri moja, kisha hujificha kivuli kikipita. Samaki wadogo waliokimbilia chini ya jiwe hurudi. Kiti cha pweza, kiumbe chenye umbo la nyota, ambacho kilikuwa kama kimepakwa rangi juu ya mchanga, huonekana kuwa kimehama mahali pake, na ukikitazama kwa makini utaona vijimguu vingi vyembamba vikitambaa chini ya mikono yake mitano. Mwambie mtoto anyamaze na ahesabu mpaka hamsini kabla ya kuuliza swali. Sijaona njia nyingine inayomfundisha kutazama upesi namna hiyo.

Kanuni za majabalini ni chache, lakini zisiwe na msamaha. Kila mtu avae viatu vya kufunga, hata vya plastiki vya bei nafuu, kwa sababu mawe hukata na wale viumbe weusi wenye miiba mirefu hujificha mianyani. Mkono usiingizwe katika tundu lisiloonekana ndani. Kombe lenye umbo la pia lisiokotwe hata likiwa zuri namna gani: baadhi ya konokono hao wana mwiba wenye sumu iwezayo kuua mtu mzima. Matumbawe yasikanyagwe, kwani ni viumbe hai wanaokua polepole mno. Joto la maji la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii, na yaliyopo leo hayahitaji kuongezewa nyayo zetu. Ndani ya hifadhi, kuchukua kombe au tumbawe ni kosa la kisheria, na nje ya hifadhi pia ningependa familia iwe na desturi ya kurudisha kila kiumbe pale kilipotolewa, na jiwe lililogeuzwa kulazwa kama lilivyokuwa, maana chini yake ndiko kwenye kivuli cha wenyewe.

Ikitokea mtoto ameumwa na yavuyavu, osha kwa maji ya bahari bila kusugua. Akichomwa na taa au samaki mwingine mwenye mwiba, litie jeraha katika maji ya moto kiasi cha kustahimilika, jaribu kwanza kwa mkono wako wewe mtu mzima, kisha mpeleke hospitali bila kuchelewa.

Mikokoni, Mida

Hori la Mida, mkono wa bahari ulioingia bara karibu na Watamu, ni mahali ambapo ningempeleka mtoto wa miaka saba na kuendelea kabla ya mahali pengine popote. Panda matatu ya Watamu au ya Mombasa, na umwambie utingo mapema mahali unaposhuka. Hapo pana daraja jembamba la mbao linalopita juu ya matope baina ya mikoko, na ada inayolipwa huwasaidia wanafunzi wa shule za jirani kupitia mpango wa karo unaosimamiwa na shirika la A Rocha Kenya. Chukua kijana wa kuongoza. Wengi wao walizaliwa hapo na wanaijua miti kwa majina.

Majina hayo yafaa kurudi nyumbani na mtoto. Mkoko wenyewe ndio ule wenye mizizi iliyoinama kama miguu ya buibui, na mbegu yake huota ikiwa bado imening'inia mtini, ikawa ndefu na nzito kwa chini, ili ikianguka wakati maji yametoka ijichome yenyewe matopeni. Mchu husukuma mizizi yake juu kutoka matopeni mfano wa penseli zilizopandwa, ambayo mti huitumia kupata hewa. Mwambie mtoto alilambe jani lake taratibu, atasikia chumvi, kwa kuwa mti huo hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi majanini. Mkomafi huzaa tunda la mviringo, kubwa kama chungwa au zaidi, ambalo likipasuka hutoa mbegu zenye pembe zinazoshikamana. Mkiliokota lililokwisha kuanguka, wapeni watoto kazi ya kulikusanya tena liwe tunda zima, na wakubwa wataishia kunyang'anyana zamu. Wako pia mkandaa, muia na mlilana, ambao wazee wa majahazi na wajenzi wa nyumba za zamani waliwajua mmoja mmoja kwa ugumu wake.

Kuanzia Septemba hadi Aprili hori hujaa ndege wahamiaji waliokimbia baridi ya kaskazini mwa dunia, na wakati mzuri wa kuwaona ni maji yanapojaa polepole na kuwasukuma karibu na ukingo. Pamoja nao yumo ndege mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene kuliko wenzake, anayekula kaa. Wapenzi wa ndege husafiri kutoka nchi za mbali ili kumwona huyo peke yake. Familia yenye darubini moja ndogo na iazime kwa zamu. Isiyo nayo isijali, maana katika uwanda ule wa matope macho hufika mbali.

Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke

Gede iko kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi, na ina faida ya kuunganisha mambo mawili katika tikiti moja ya safari. Magofu ya mji wa kale wa Waswahili, ulioishi tangu karne ya 12 hadi ya 17 na kuingizwa mwaka 2024 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, yamo ndani ya msitu mdogo wenye kivuli kizito, kwa hiyo ni mahali pazuri hata saa za jua. Njia ni tambarare, bibi na babu wanaweza kutembea, na kitoto cha mgongoni hakisumbuki. Kima wa hapo wamezoea watu na huiba mikate mikononi. Wasilishwe chochote, kwani kima aliyelishwa leo humrukia mtoto mwingine kesho. Ndani ya eneo hilo hilo kuna mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993, ambao hununua pupa, yaani mabuu ya vipepeo yaliyokwisha kujifungia gandani, kutoka kwa wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na kuyauza ng'ambo, ili wanakijiji wapate riziki kutokana na msitu ulio hai. Nenda huko jua likiwa limepanda kidogo, kwa sababu kipepeo hurukaruka akishapata joto.

Arabuko-Sokoke ni msitu mwingine kabisa. Una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, ndio msitu mkavu wa pwani uliobaki mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, na wamo ndovu, kwa hiyo usiingie na watoto bila kiongozi kutoka kituo cha msitu kilicho karibu na Gede. Ingieni saa kumi na mbili na nusu asubuhi au mara tu baada ya hapo. Msitende kama wanaopita kwenda mahali. Tembeeni hatua chache, simameni, sikilizeni, kisha mwendelee. Wanaofanya hivyo ndio humwona sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayechakura majani makavu, ambaye karibu wote waliobaki duniani wanaishi katika msitu huu. Wanaopiga kelele husikia tu majani yakitikisika. Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita msitu huu ni mrefu na hauna mengi ya kumshika. Mwache akue kwanza.

Mdomo wa Sabaki, na Marafa

Kaskazini mwa mji, mto ambao huko juu huitwa Athi, kisha Galana, humwaga matope yake baharini kwa jina la Sabaki. Mahali hapo pana vilima vya mchanga vya kuteremkia, shakwe na buabua kwa makundi, na mara nyingine heroe wengi wakiwa wamesimama katika maji ya kina kifupi. Pana pia mamba na viboko. Kwa hiyo hakuna kuogelea, hakuna kunawa miguu ukingoni, na hakuna mtoto anayetangulia mbele ya watu wazima; chukueni kijana wa kijiji cha Sabaki anayejua viboko wamelala upande gani siku hiyo, na muwe mmeondoka kabla ya saa kumi na moja jioni, kwani giza likikaribia viboko hutoka majini kwenda malishoni. Kwa familia yenye watoto watundu na mtu mzima mmoja tu, napendekeza wasiende.

Marafa, zaidi ya kilomita 30 kutoka Malindi kupita Mambrui, ndiko liliko korongo la Nyari, ambamo mvua na upepo vimechonga minara ya mchanga mgumu yenye rangi nyeupe, ya waridi na nyekundu. Adhuhuri joto la ndani halivumiliki. Fikeni saa kumi jioni. Wagiriama wa hapo wanacho kisa cha familia tajiri iliyooga maziwa hadi Mungu akaididimiza, na kiongozi atawasimulia watoto vizuri kuliko nitakavyoandika hapa. Wasisogee kingoni, na mvua ikiwa imenyesha ahirisheni safari.

Mzigo na saa

Beba maji mengi kuliko unavyodhani, angalau lita moja na nusu kwa kila mtu kwa nusu siku, na uyatie katika dumu au chupa za kutumika tena. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi nchini, na utarudishwa langoni ukiwa na chupa za dukani. Chakula kiwe kile kisichochacha kwa joto: mahamri, viazi vya kuchemsha, mihogo, mayai, ndizi, na embe likiwa msimu wake. Mbaazi za nazi ziliwe nyumbani kabla ya kutoka, maana nazi haistahimili jua. Ongeza leso mbili, moja ya kukalia na nyingine ya kumfunika mtoto, kofia, nguo nyepesi za mikono mirefu, bendeji, na mfuko wa kitambaa wa kurudishia takataka zenu.

Kabla ya kutaja siku, tazama ratiba ya chuo na ya swala. Safari ya bamvua hukutana na adhuhuri, kwa hiyo amua mapema kama mtarudi nyumbani kwanza au mtaswali njiani, ili pasiwe na haraka mtoto akiwa bado kidimbwini. Kwa wenye wachanga, toka saa moja asubuhi na uwe umerudi kabla ya saa tano. Gawanya watoto kwa watu wazima kwa majina, wawili kwa mmoja ikiwa mnakwenda majini, wala usiseme "sote tutawaangalia", kwani hapo ndipo kila mtu hudhani mwenzake anaangalia.

Kila mtoto na apewe kazi moja: huyu dumu la maji, huyu kuhesabu watu kila mnaposimama, huyu daftari la kuandika ni siku ya ngapi ya mwezi mwandamo, maji yalitoka saa ngapi na nini kilionekana. Baada ya matembezi machache daftari hilo litawafaa kuliko ratiba yoyote ya kununua, kwa sababu litakuwa limeandikwa ufuoni kwenu, na mtoto aliyeliandika ndiye atakayekwambia Jumamosi kwamba kesho maji hayatoki asubuhi, twende msituni.